AMANA NDANI YA REHANI: Akaunti ya Kodi na Bima katika Mkopo Ghali wa Nyumba

Maneno matatu hukaribiana mtu anapokopa fedha za kununulia nyumba: rehani, dhamana na amana. Yote yana asili ya Kiarabu, na wasemaji wengi huyachanganya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti yake ndiyo ufunguo wa kuelewa sharti moja la sheria ya Marekani, linalowahusu pia wasemaji wa Kiswahili kutoka Katanga na Kivu waliohamia huko na kutaka kununua nyumba.

1. Mipaka ya maneno

Rehani ni mali iliyofungwa kwa deni: mkopaji asipolipa, nyumba yaweza kuuzwa. Dhamana ni neno pana zaidi. Ni chochote kinachomhakikishia mdai kwamba atalipwa, na rehani ni aina yake moja. Amana ni jambo jingine. Ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine ili itumike au irudishwe kama walivyopatana. Anayeishika si mwenyewe.

Akaunti iitwayo eskro, kwa neno lililotoka katika Kifaransa cha kale na kumaanisha kipande cha ngozi ya kuandikia, ni amana ya namna hiyo.

2. Namna inavyoendeshwa

Pamoja na deni na riba, mkopaji hutoa kila mwezi sehemu ya kodi ya nyumba na ya bima. Msimamizi wa mkopo huhifadhi fedha hizo, na muda ukifika huwalipa watoza kodi na kampuni ya bima. Tuseme kodi ya mwaka ni dola 1,800 na bima ni dola 1,200. Jumla ni dola 3,000, yaani dola 250 kwa mwezi. Msimamizi aweza kudai akiba ya ziada, lakini isizidi moja ya sita ya malipo ya mwaka: hapa, dola 500. Kila mwaka hana budi kufanya hesabu na kumpa mkopaji taarifa.

3. Sababu ya sharti

Kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008, mikopo mingi ya riba kubwa ilitolewa bila amana hii. Malipo ya mwezi yalionekana mepesi, kisha kodi ya mwaka ikamkuta mkopaji mikono mitupu. Kodi isipolipwa, nyumba yaweza kupotea hata kama deni la benki linalipwa vizuri. Mkopeshaji naye huumia, kwa kuwa kwa kawaida deni la kodi hutangulia rehani.

Benki Kuu ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 2008, ikaanza kutumika 2010. Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 ilirefusha muda wa lazima kutoka mwaka mmoja hadi miaka mitano, na kanuni yake ikaanza Juni 2013. Kwa jumla, mkopo wa rehani ya kwanza huhesabiwa kuwa ghali gharama yake ya mwaka ikipita kiwango cha wastani cha wakopaji bora kwa pointi 1.5 za asilimia au zaidi; kwa mikopo mikubwa sana ni pointi 2.5. Baadhi ya wakopeshaji wadogo wa mashambani wamesamehewa.

4. Upande wa Lubumbashi

Nchini Kongo, sheria ya ardhi ya 1973 huifanya ardhi kuwa mali ya Serikali; mwenye lupango hushika hati ya haki yake, na rehani huandikwa katika daftari la hati za ardhi. Tangu nchi ilipoingia OHADA mwaka 2012, sheria inaruhusu pia fedha kuwekwa katika akaunti iliyofungwa kwa jina la mdai. Lakini fedha hizo humhakikishia mdai malipo yake: ni dhamana. Anayefasiri eskro kwa neno hilo humfanya mkopaji adhani fedha zake zimekwisha kuwa za benki.

Amana nayo huhitaji fedha isiyoyeyuka. Oktoba 1993, zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 kwa faranga 1 ya Kongo. Hivyo zaire 300,000,000,000 zikawa faranga moja ndani ya miaka isiyotimia mitano. Likelemba haihatarishwi hivyo, kwani fedha hupokewa na mwanachama siku ileile zinapokusanywa.

Kwa hiyo, anayemsomea ndugu hati ya mkopo amwoneshe mambo matatu: sehemu ipi ya malipo ni deni, sehemu ipi ni amana, na lini msimamizi atatoa hesabu yake. Amana ina mwenyewe, naye ana haki ya kuiulizia.