Maji ya tangi: Ni njia ipi ya kuyasafisha inayoifaa familia yako?

Siku mifereji inapokauka katika mitaa iliyo karibu na maduka ya Adams Arcade, jijini Nairobi, kila mtu huyatafuta maji kwa njia yake. Mikokoteni hupita ikiwa imesheheni mitungi ya lita 20, malori ya maji huegeshwa kwenye malango ya nyumba za ghorofa, na wenye visima virefu hufungulia pampu. Jioni tangi limejaa na mama anashusha pumzi. Lakini je, maji hayo ni salama kwa mtoto kunywa?

Wengi wetu hudhani kuwa maji yakiwa maangavu ni safi. Hilo ni kosa. Viini vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Mnamo 2017, mwaka ambao mgao wa maji ulianza Nairobi kwa sababu ya ukame, jiji hili pia lilikumbwa na kipindupindu. Mfereji unapokaa siku kadhaa bila maji, nguvu ndani ya bomba hupungua, na uchafu wa nje unaweza kufyonzwa kupitia nyufa. Hivyo hata maji yaliyotiwa dawa huko Ngethu yanaweza kuchafuka kabla ya kufika kwako.

Basi, mzazi achague njia gani?

Ya kwanza ni kuchemsha. Katika Nairobi, kwa kuwa tuko juu sana kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na joto la takribani nyuzi 95, si 100. Usiwe na wasiwasi, kwani joto hilo linatosha kuua viini. Yaache yatokote kwa dakika moja kamili, kisha yafunike yapoe. Ubaya wake ni gharama ya gesi au makaa. Isitoshe, yakishapoa hayana kinga yoyote. Kikombe kimoja kichafu kikitumbukizwa, kazi yote imeharibika.

Ya pili ni klorini. Dawa hii si ngeni, kwani mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuitia katika maji ya wakazi wake mnamo 1908. Faida yake kubwa ni kwamba hubaki majini na kuendelea kuyalinda. Hesabu yake si ngumu. Chupa ya mililita 150 yenye klorini ya asilimia 1.25 hutosha lita 1,000 za maji maangavu. Kwa mtungi wa lita 20, hiyo ni mililita 3. Koroga, kisha ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Hata hivyo, chupa hazifanani nguvu, kwa hiyo fuata maagizo ya kibandiko. Dawa ya kufulia yenye manukato isitiwe kamwe katika maji ya kunywa.

Kumbuka kuwa matope huimaliza klorini kabla haijaviua viini. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa.

Ya tatu ni jua, na hii huwafaa wanafunzi wanaoishi katika vyumba vya kupanga. Jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, kisha ilaze juani kwa saa sita. Kukiwa na mawingu mengi, kama ilivyo kawaida hapa mwezi wa Julai, iache siku mbili. Shirika la Kenya Water for Health Organisation limewahi kuifundisha njia hii kwa wakazi wa Kibera.

Mitambo ya umeme inayoua viini kwa miale nayo ipo. Ni mizuri, lakini umeme ukipotea nayo hulala.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Visima virefu vingi vya Nairobi vina madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa kila lita. Yakizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Kuchemsha hakuyaondoi, klorini haiyaondoi, wala jua. Kwa hivyo, ikiwa nyumba yenu hutegemea kisima, wapangaji waungane wamwombe mwenye nyumba awaonyeshe matokeo ya maabara. Floraidi ikizidi, tafuteni maji mengine ya kunywa na kupikia, au chujio lililotengenezwa mahususi kuiondoa.

Njia yoyote utakayochagua, tangi lenyewe lisisahauliwe. Limwagwe maji, lisuguliwe, na lifunikwe vizuri ili panya, ndege na mbu wasiingie. Ndani ya nyumba, maji ya kunywa yakae katika chombo chenye kifuniko na bomba, ili pasiwe na haja ya kuchota kwa kikombe.

Chupa ya dawa ni ndogo, na nusu saa ya kungoja si ndefu. Mtoto akilazwa wodini kwa homa ya matumbo wiki ya mtihani, hasara yake hailipiki kwa pesa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.