Macho ya Tipitipi

Nilisimama kando ya barabara ya Muheza kwenda Amani kununua mabungo tu. Niliondoka nayo, pamoja na punje tatu nyekundu zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti. Tangu siku hiyo sijaacha kuziwaza.

Aliyenipa ni bibi anayeuza matunda pori chini ya mwembe. Nilimwamkia, nikamuuliza mabungo anayachuma wapi. Badala ya kujibu alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye ua wa mimea iliyojiotea ikasongamana mpaka mbuzi hapiti.

"Nyinyi wa mjini mnaanza na tunda," alisema. "Sisi tulifundwa kuanza na jani. Tunda lina siku zake chache, jani unalikuta."

Akaweka kiganja chake juu ya jani la mfuu, vidole vitano juu ya vidole vitano. Fuu lenyewe huwa kijani, likiiva huwa jeusi, limekalia kikombe chake. Akageuza jani la mkunazi: chini jeupe kama limepakwa unga, na mishipa mitatu ikianzia pale kwenye kikonyo. Akakwanyua kijiti cha mbungo, utomvu mweupe ukachuruzika. "Utaambiwa kila chenye maziwa ni sumu. Mbona bungo tunalila? Tunguja nalo halina maziwa, limeiva manjano linapendeza, na halifai kitu. Kila mmea ujue kwa jina lake, mwanangu."

Ndipo akanionyesha mtipitipi.

Ulikuwa umejizungusha kwenye mkunazi, mwembamba kama uzi, na vijani vyake vimepangana pande mbili kama vya mkwaju. Maganda yalikuwa yamekauka, yamepasuka na kujikunja, lakini punje hazikudondoka. Zilikuwa zimeshikilia pale pale, nyekundu za kung'aa, kila moja na doa jeusi. Macho ya tipitipi kweli: ndege yule akikutazama kutoka kichakani, ndilo jicho lake hilo. Wataalamu wa mimea huuita Abrus precatorius, jina linalotokana na sala, kwa kuwa punje hizo zilitungwa rozari. La bibi nalipenda zaidi, maana lina macho.

Alichuma jani akanipa. "Tafuna."

Utamu ulikuja polepole, ukatulia kooni. Zamani, alisema, mtoto akikohoa alipewa majani hayo. Kisha akaniwekea punje kiganjani, akanikunja vidole. "Hii ukiitafuna, tunakuzika."

Hakutia chumvi. Ndani ya punje mna abrini, sumu inayozuia seli za mwili kutengeneza protini. Gamba lake ni gumu kiasi kwamba punje ikimezwa nzima huweza kupita bila madhara. Hatari ni kuitafuna au kuitoboa. Na utotoni mwake walizitoboa, wakatunga shanga. "Mama alitukataza jambo moja tu: sindano isiguse mdomo. Ukitaka kulainisha uzi, tumia maji ya kata."

Nilimuuliza ni nani aliyegundua kwanza kwamba mmea mmoja una jani la dawa na mbegu ya kifo. Alinyamaza kidogo. "Aliyegundua jani alisimulia," akasema. "Aliyegundua mbegu, sijui."

Mwanawe amekwisha kuleta tofali. Ua utang'olewa, ujengwe ukuta. Bibi hakulalamika, alisema tu kwamba nyoka watapungua. Wajukuu zake walikuwa wakicheza uani, na sikumwona akimwita hata mmoja aje kusikiliza. Sikuthubutu kumuuliza kwa nini alinifundisha mimi, mpita njia.

Nyumbani nina mtoto wa miaka 4. Punje zipo juu ya kabati, ndani ya kopo lenye kifuniko. Kila jioni nafikiria kuzishusha nimwonyeshe, nimtajie jina. Bado hazijashuka.