Harambee ya Maarifa: Jinsi ya Kuzigharimia Jumuiya za Kujitolea Mtandaoni bila Matangazo

Kazi ya kujitolea haina mshahara, lakini ina gharama. Wanaoandika na kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, hawalipwi. Hata hivyo, mitambo inayohifadhi makala yao hutumia umeme, na mafundi wanaoitunza hulipwa. Je, ni nani agharimie kazi hiyo iwapo jumuiya yenyewe imekataa matangazo ya biashara? Makala haya yanafafanua njia nne.

Ni vyema kwanza kufahamu kiini cha kukataa huko. Mwaka 2002, wazo tu la kuweka matangazo katika Wikipedia lilichangia wahariri wengi wa Kihispania kujitenga na kuanzisha kamusi elezo yao, Enciclopedia Libre. Aliyefanya kazi bure hakuona sababu ya jasho lake kumtajirisha mwingine. Isitoshe, mtangazaji hufuata wanunuzi, na makala kuhusu vitendawili na nyiso hayauzi sabuni.

Njia ya kwanza ni michango midogo ya wasomaji, ambayo ndiyo tegemeo kuu la Shirika la Wikimedia lililoundwa mwaka 2003. Mkazi wa Soy, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale, anaijua falsafa yake, kwani ndiyo ya harambee. Baada ya uhuru wa 1963, shule nyingi nchini Kenya zilijengwa kwa michango ya wananchi; asiyekuwa na fedha alitoa nguvu zake. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, hata mchango wa shilingi hamsini waweza kutumwa kwa simu. Hata hivyo, anayeombwa kila mara huchoka.

Njia ya pili ni ruzuku. Mradi wa Kamusi ulioanzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliwawezesha watumiaji kuchangia kamusi ya Kiswahili mtandaoni kwa msaada wa aina hii. Lakini mtegemea cha ndugu hufa maskini. Shindano la Google lililoanza mwaka 2009 liliwavutia wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandikia Wikipedia ya Kiswahili. Makala yaliongezeka, ila zawadi zilipokwisha, wengi hawakuendelea.

Njia ya tatu ni mfuko wa wakfu, ambao mtaji wake hauliwi, bali hutumika faida tu. Wikimedia ilianzisha mfuko wake mwaka 2016. Utaratibu huu si mgeni pwani, ambako nyumba na mashamba huwekwa wakfu ili mapato yake yatunze misikiti. Ugumu wake ni kupata mtaji wa kuanzia.

Njia ya nne ni kuuza huduma bila kuuza maarifa. Tangu 2021, kupitia Wikimedia Enterprise, kampuni kubwa zinaweza kulipia kupokea data kwa kasi na uhakika, huku msomaji wa kawaida akiendelea kusoma bure.

Hakuna njia inayojitosheleza, lakini harambee inafunza mambo mawili. Mosi, kila mchango hutangazwa hadharani, nayo matumizi yapasa kutangazwa vivyo hivyo. Pili, mgeni wa heshima atoaye kitita huja akadai shule ni yake. Ndiyo maana wachangiaji wadogo elfu moja ni salama kuliko mfadhili mmoja. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili asiye na shilingi, mchango upo: kuandika, kusahihisha na kuendelea hata pasipo zawadi. Fedha hulipia mitambo tu. Lugha yenyewe hukaa humo kwa kazi ya wenyewe.