Anayeongozwa na Pua: Utangulizi wa Kumjua Bladihaundi

Kama mbwa unayemjua wewe ni yule wa kulinda geti, anayebweka usiku kucha hadi wapita njia wakabadili njia, nakuomba umweke kando kwa muda. Ninayetaka kukujulisha ana uso wa mzee aliyefiwa, masikio marefu yanayoning'inia na udenda usiokauka. Akimfikia mtu aliyekuwa akimsaka, huenda akamlamba mikono. Jina lake bladihaundi.

Tuanzie pale ambapo wageni wengi huteleza. Mbwa wa kuwinda wamegawanyika katika makundi mawili makubwa: wanaowinda kwa macho na wanaowinda kwa pua. Wa macho ni wembamba, wenye miguu mirefu, na humkimbiza mnyama wanayemwona. Wa pua hawana haja ya kumwona. Bladihaundi anaweza kupita hatua chache tu kutoka kwa mtu anayemtafuta bila hata kugeuza kichwa, kwa kuwa harufu bado haijampeleka pale. Ukishalielewa hilo, mengine yote kumhusu, kuanzia ukaidi wake hadi maradhi ya masikio, hayatakutatiza.

Harufu yenyewe ni nini basi? Tumezoea kuifikiria kama kitu kinachoelea tu hewani, lakini ina asili inayoshikika. Ngozi ya binadamu hupukutika muda wote, maelfu ya chembe kila dakika, ndogo mno kuonekana. Chembe hizo hubeba jasho, mafuta na bakteria, na bakteria wakizila hutoa gesi ambazo ni sehemu kubwa ya harufu ya mtu. Kwa hiyo mtu anayetembea ni kama gunia la unga lililotoboka. Unga huo hauanguki wote pale alipokanyaga: upepo huusogeza, nao hunasa kwenye nyasi, kwenye kingo za ukuta na ndani ya mitaro. Ndiyo sababu tunatenganisha mambo mawili. Unyayo ni alama ya mguu. Mkondo wa harufu ni ukanda mzima wa chembe zilizotawanyika, na huo unaweza kuwa mbali kidogo na nyayo. Mgeni akiona nyayo zimepita katikati ya barabara huku mbwa akikokota kuelekea mtaroni, hudhani mbwa amepotea. Mwache. Unga umejaa mtaroni.

Unyevu na kivuli huutunza mkondo. Jua kali na lami huumaliza upesi. Asubuhi yenye umande ni sikukuu kwa mbwa huyu.

Tuingie sasa ndani ya pua. Mbwa anaponusa, hewa hugawanyika njia mbili. Sehemu kubwa huenda mapafuni, na sehemu huingia kwenye chumba cha nyuma chenye mifupa myembamba iliyokunjwakunjwa kama karatasi. Mifupa hiyo imetandazwa utando wenye vipokezi, yaani seli za neva zinazotambua harufu. Binadamu ana vipokezi takriban milioni 5 au 6; vya bladihaundi hukadiriwa kufikia milioni 300. Naye akitoa pumzi, hewa hupitia mipasuko iliyo pembeni mwa pua, hivyo hapeperushi kile alichokuja kunusa. Utaambiwa pia kwamba masikio yale marefu huchota harufu kutoka ardhini na kuipeleka puani. Ni maelezo matamu, ila mimi hayajanishawishi sana.

Ukoo wake unarudi Ardennes, katika Ubelgiji ya leo, kwenye abasia, yaani makao ya watawa, iliyopewa jina la Mtakatifu Hubert, aliyefariki mwaka 727. Watawa wale walifuga mbwa wa kunusa na kumpelekea mfalme wa Ufaransa baadhi yao kila mwaka. Hadi leo Wafaransa humwita mbwa wa Mtakatifu Hubert. Waingereza ndio waliotia neno damu katika jina, na hapo ndipo hofu ilipoingia. Wapo wanaosema lilimaanisha damu safi ya ukoo, na wapo wanaosema alifuata wanyama waliojeruhiwa; kiu ya damu haimo katika maelezo yoyote kati ya hayo. Hofu iliongezeka pale jina hilo lilipopewa mbwa wa Kuba waliotumika kuwasaka watumwa waliotoroka. Hao walikuwa mbwa wengine, wakali, waliozalishwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1888 mkuu wa polisi wa London, Charles Warren, aliwajaribu bladihaundi wawili, Barnaby na Burgho, kwa matumaini ya kumnasa muuaji aliyekuwa akisakwa katika mtaa wa Whitechapel jijini humo. Hawakumnasa. Mitaa yenye msongamano ilikuwa mahali pagumu pa kuanzia. Jirani zetu wa Kongo wamemtumia panapomfaa zaidi: tangu 2011 askari wa Hifadhi ya Virunga wana kikosi cha bladihaundi cha kufuatilia majangili.

Kumtunza ni kazi, nami sitakuficha. Masikio yanayofunika tundu hukaa na unyevunyevu, kwa hiyo yafunue na kuyasafisha kila wiki. Mikunjo ya uso ikaushwe. Kifua chake kirefu humweka katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, hali inayoua kwa saa chache. Mpe chakula kidogo mara mbili kwa siku, na asikimbie mara baada ya kula. Na usimwachie huru kando ya barabara. Akishika harufu, sauti yako haimfikii, na hapo hakuna jeuri yoyote: akili yote imehamia puani.

Ukipata nafasi ya kumfundisha mtoto wa bladihaundi, anza hivi. Rafiki yako amwonyeshe nyama, aangushe leso yake, kisha akimbie na kujificha nyuma ya kichaka. Mnusishe mbwa leso ile. Sisi huiita kielelezo cha harufu. Mvike mkanda wa kifuani wenye kamba ndefu, umwambie atafute, kisha unyamaze. Akivutia upande usioutarajia, mfuate. Wiki ijayo rafiki yako ajifiche bila mbwa kumwona, na kamba uishike kwa mikono miwili.