Shwanoma za kitako cha fuvu

Shwanoma za kitako cha fuvu ni uvimbe unaoota kwenye ala ya neva zinazotoka katika ubongo na kupitia matundu ya mifupa ya chini ya fuvu. Jina limetokana na Theodor Schwann (1810–1882), mwanafiziolojia wa Ujerumani aliyeeleza seli za ala hiyo. Kwa kawaida si saratani, nao hukua polepole, mara nyingi milimita 1 hadi 2 kwa mwaka. Lakini nafasi pale ni finyu: uvimbe mkubwa unaweza kukandamiza shina la ubongo na kuua.

Nyingi huota kwenye neva ya 8, yaani ya kusikia na ya usawa wa mwili. Zile za neva ya 5, na za neva za 9, 10 na 11, ni adimu.

Dalili

Mara nyingi sikio moja hupoteza usikivu taratibu na kuvuma. Neno "moja" ndilo la kuzingatia. Mtu wa Kibaoni, mkoani Katavi, akilalamika kwamba masikio yanavuma, zahanati hufikiria kwanza nta, usaha au dawa. Kwinini ya malaria na streptomisini ya kifua kikuu hudhuru usikivu, ila kwa kawaida wa masikio yote mawili. Tena mvumo wa kwinini kwa kawaida huisha dawa ikiachwa. Sikio moja lisilo na nta wala usaha, ambalo linazidi kuwa zito, linahitaji rufaa.

Ganzi ya upande mmoja wa uso huelekeza kwenye neva ya 5. Sauti kukwaruza na shida ya kumeza, kwenye neva za 9 na 10.

Utambuzi

Kipimo kikuu ni MRI pamoja na dawa ya gadolinia, ambacho huonyesha hata uvimbe wa milimita chache. CT-skani huonyesha mifupa: shwanoma hupanua tundu huku kingo zikibaki laini, ilhali paraganglioma huula mfupa na kuacha kingo zilizochakaa. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa paraganglioma imejaa mishipa ya damu na kuikata kipande cha kupima ni hatari. Meninjioma nayo inaweza kufanana na shwanoma.

Uhakika hupatikana kwa hadubini, baada ya upasuaji. Nchini Tanzania upasuaji wa ubongo hufanyika, miongoni mwa hospitali nyingine, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Uvimbe ukiwa kwenye neva za 8 za pande zote mbili, hiyo ni dalili ya nurofibromatosi aina ya 2, ugonjwa unaoweza kurithiwa, hivyo ndugu wa mgonjwa nao huchunguzwa.