Mwanga Unaoishia Kwenye Waya

Lori likizimika usiku kati ya Makambako na Njombe, utingo hatafuti pembetatu ya kuakisi. Anatafuta panga. Anakata matawi ya milingoti, anayatupa kwenye lami hatua ishirini, thelathini nyuma ya lori, kisha anapanda kulala. Matawi hayo ndiyo mtihani wa taa zako. Majani mabichi juu ya lami nyeusi iliyolowa hayarudishi mwanga wa maana. Ukiwa mwendo wa 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde, na taa za dimu za kawaida zinakuonyesha mita 50 au 60 hivi. Kuona, kushtuka, kukanyaga breki na kusimama kwenye lami yenye maji kunataka mita zaidi ya 70. Hesabu inagoma.

Kwa hiyo siwashangai wanaokuja gereji kwangu kutaka globu kali. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni ukungu unashuka hadi usione bampa la gari lililo mbele yako. Tangu mwaka 2023 mabasi nayo yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha, na pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya na Tunduma, siku hizi hapalali. Kinachonishangaza ni kwamba dereva yuko tayari kununua mwanga mpya kabla ya kuuliza ule wa zamani unapotelea wapi.

Asubuhi moja ya baridi mzee mmoja, mkulima wa viazi, alileta Probox yake akiwa na boksi mkononi.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, fundi. Hizi taa zimezeeka kuliko mimi. Nifungie hizi."

Ndani ya boksi kulikuwa na jozi ya taa za LED, na juu yake pameandikwa lumeni 20,000. Nikamwomba awashe injini na taa kwanza. Nikagusisha testa kwenye betri: volti 14.1. Nikapitisha ncha za testa nyuma ya soketi ya taa ya kushoto, globu ikiwa inawaka: volti 11.9.

Mzee akachungulia namba ile kama anayesoma mizani ya mnunuzi. Volti mbili na ushee zilikuwa zimeliwa njiani: kidogo kwenye soketi iliyoungua ikageuka kahawia, na nyingi kwenye ethi, bolti moja iliyofungwa kwenye bodi na kuota kutu ya kijani.

Unaweza kusema volti mbili si kitu. Kwa globu ya halojeni ni kitu kikubwa, kwa sababu mwanga wake haushuki sambamba na umeme, unaporomoka. Viwanda hupima globu hizi kwenye volti 13.2. Ukiipa volti 11.9, yaani pungufu ya asilimia 10 tu, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Waya wa globu ukipoa kidogo, sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake inatoka kama joto, na ile rangi ya chai unayoiona ukutani ndiyo dalili yake. Kinyume chake nacho ni kweli: ukizidisha umeme kwa asilimia 5, mwanga unapanda vizuri, ila umri wa globu unakatika karibu nusu.

Tulisugua ile ethi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukabadilisha soketi, tukavuta waya mnene kutoka betri kupitia relei na fyuzi yake. Testa ikasoma 13.5. Globu ni zilezile alizokuja nazo.

Kisha kioo cha taa. Magari mengi tunayoagiza Japani yana vioo vya plastiki ngumu, na jua likivipiga miaka kumi vinakuwa vya njano na vyenye ukungu wake wenyewe. Mwanga unaofika hapo haupiti wote. Mwingine unatawanyika na kuwachoma macho wanaokuja. Dawa ya meno inang'arisha, nakubali, lakini kwa wiki chache. Kazi ya kudumu ni msasa wa maji, namba 800 kwanza, halafu 1500, halafu 2000, polishi, na mwishoni vanishi safi inayozuia jua. Ukiiruka hiyo vanishi, kioo kitarudia njano kabla ya msimu mwingine wa viazi.

Sasa tulifungue lile boksi, angalau kwa maneno.

Globu ya H4, ile ya miguu mitatu iliyojaa kwenye Probox, Hiace na Corolla za zamani, ina nyuzi mbili ndani: moja ya ful, wati 60, na moja ya dimu, wati 55. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande. Bakuli linalong'aa nyuma ya globu limechongwa kwa kufuata mahali uzi huo ulipo, kwa kipimo cha milimita. Kwa kipimo rasmi H4 inatoa lumeni 1,650 kwenye ful na 1,000 kwenye dimu. Si nyingi, lakini zinapelekwa panapotakiwa.

Taa ya LED haina uzi. Ina vipande bapa vinavyomulika pembeni, mara nyingi havikai pale uzi ulipokuwa, na bakuli halijui hilo. Mwanga unamwagika. Karibu na bampa panakuwa peupe kama uwanja wa mpira, dereva anafurahi, na hapo ndipo anapodanganyika: mboni ya jicho ikipigwa na weupe wa karibu inajifunga, na matawi yaliyo mita 60 mbele yanazama gizani zaidi. Anayekuja mbele naye haoni kitu kwa sekunde kadhaa. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED ni habari nyingine, kwa sababu bakuli na lenzi zake zilichongwa kwa ajili hiyo.

Na zile lumeni 20,000? LED nzuri inatoa lumeni 100 na zaidi kidogo kwa kila wati. Ili jozi itoe 20,000 ingehitaji wati karibu 200. Boksi hilohilo liliandika wati 50. Siongezi neno.

Kuna jambo moja la Njombe ambalo mwenye boksi hakuliwaza. Taa hizi zina feni nyuma, na feni haiingii ndani ya mpira unaoziba tundu la taa, kwa hiyo fundi mwenye haraka anautupa mpira. Baada ya wiki mbili za ukungu na manyunyu, ndani ya taa kuna matone ya maji, na ule ung'avu wa bakuli unaanza kubanduka. Hapo huhitaji globu tena. Unahitaji taa nzima.

Rangi nayo imezua imani. Namba za Kelvini, 4,300, 6,000, 8,000, zinapima rangi ya mwanga; wingi wake hazigusi. Halojeni ni kama 3,200. Globu ya halojeni iliyopakwa bluu ili ifanane na taa za kisasa imepunguziwa mwanga na hiyo rangi. Kwenye ukungu, weupe wa bluu unachosha macho zaidi, lakini msidhani njano ina miujiza: matone ya ukungu hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Wafaransa walilazimisha taa za njano kwenye magari yao tangu 1936 hadi 1993, kisha wakaachana nazo. Kwenye ukungu kinachosaidia ni taa iliyo chini, isiyorusha mwanga juu, na mguu mwepesi.

Wapo pia wanaofunga globu za wati 100 kwa 90. Gawanya 100 kwa 12, unapata zaidi ya ampea 8 kwa taa moja, karibu 17 kwa mbili, kwenye waya uliotengenezwa kubeba 10. Kinachofuata ni soketi kuyeyuka na swichi ya usukani kunuka. Fyuzi ikikatika wanaweka kubwa zaidi, na sasa kinachobaki kukatika ni waya.

Kama vyote hivyo vimeshashughulikiwa na bado unataka mwanga zaidi, nunua halojeni ya daraja la juu ya wati zilezile 60/55, kutoka kampuni unayoiamini na duka litakalokupa risiti. Uzi wake ni mwembamba na umepangwa kwa umakini, hivyo mwanga unasogea mbele zaidi. Lakini unakufa mapema, na kama kazi yako ni kupiga barabara za vumbi na mashimo huko vijijini, mtikisiko utaumaliza haraka. Chukua ya kawaida. Nunua mbili, usiguse kioo chake kwa vidole. Wenye malori, yenu ni volti 24, msiazime za Probox.

Nikamrudia mzee. Tuliegesha gari mita 5 kutoka ukutani, pasipo mteremko, tukachora kwa chaki alama ya urefu wa globu kutoka chini. Kwa dimu, ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa ukae kama sentimeta 5 chini ya alama. Ulikaa. Nikamwambia apakie kama anavyopakia siku ya soko. Yakaingia magunia matatu ya lumbesa, vilemba vyake vikigusa dari. Gari likakaa kitako, pua ikainuka, na ule ukingo ukapanda juu ya alama kwa upana wa kiganja.

"Sasa hapo," akaniuliza, "nishushe taa au nishushe viazi?"

Nikamwonyesha kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, chenye namba kuanzia 0. Nikakizungusha taratibu, ukingo wa mwanga ukateremka ukutani hadi chini ya chaki.

Mzee alikitazama kwa muda. "Miaka sita," akasema, "nilijua hicho ni cha kupunguza mwanga wa saa."

Boksi la LED alilirudisha dukani siku hiyohiyo.