Nimepangishwa na Nani? Upangishaji wa Pili wa Nyumba Mtaani Bondeni, Nakuru

Utangulizi

Bondeni ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Humo mna nyumba za watu binafsi na zile zilizokuwa za baraza la manispaa, ambazo tangu ugatuzi wa mwaka 2013 zimo mikononi mwa serikali ya kaunti. Kodi ya nyumba hizi za umma huwa chini ya ile ya soko, na pengo hilo humshawishi mpangaji kumpangisha mwingine kwa bei ya juu. Mwanafunzi naye, aendapo likizo ndefu, humwachia mwenzake chumba ili kodi isimlemee. Makala haya yanakusudia kueleza nafasi ya yule anayeingia mwisho, kwani aghalabu ndiye anayeumia.

Lugha na Wahusika

Kitenzi *panga*, kwa maana ya kukaa katika nyumba kwa kulipa kodi, huzaa *pangisha*. Hata hivyo, *pangisha* halibagui: mtenda anaweza kuwa mmiliki, wakala wake au mpangaji. Kauli ya kutendwa huzidisha utata. "Nimepangishwa chumba Bondeni" ni sentensi kamili kisarufi, ilhali haimtaji aliyepangisha. Aidha, katika "mwenye nyumba", *-enye* huonyesha kuwa na kitu, si lazima kukimiliki. Basi ashikaye ufunguo na kupokea pesa huitwa jina hilo. Swali la "na nani?" ambalo sarufi inaturuhusu kuliacha, sheria hailiachi.

Msimamo wa Sheria

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huchukulia kwamba kila mpangaji ameahidi kutompangisha mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye mali, itolewayo kabla. Mwenye mali naye hapaswi kuinyima idhini hiyo pasipo sababu ya haki. Ikumbukwe kwamba idhini haimwondolei mpangaji wa kwanza wajibu wake: yeye ndiye adaiwaye kodi. Mpangaji wa pili huwa na mapatano naye tu, si na mmiliki. Anaweza kulipa kila mwezi bila kukosa, na bado akafukuzwa kwa kuwa pesa zake hazikumfikia mmiliki. Dalali anapokuja kukamata mali kwa sababu ya malimbikizo ya kodi, hajui kitanda kile ni cha nani.

Utaratibu Ufaao

Kwanza, mpangaji ausome mkataba wake. Iwapo unakataza kupangisha, asithubutu. Pili, amwandikie mwenye mali, au msimamizi wa nyumba tunayemwita keateka ili amfikishie, akitaja jina la anayeingia na muda atakaokaa. Tatu, mpangaji wa pili adai kuiona idhini iliyotiwa saini kabla ya kutoa amana. Nne, wawili hao waandikiane kiasi cha kodi, tarehe ya kuondoka na atakayelipia umeme na maji, na malipo yafanywe kwa njia iachayo kumbukumbu, kama vile M-Pesa. Ikiwa mpangaji wa kwanza hanuii kurudi, ni heri akabidhi nyumba, na mgeni afanye mkataba mpya na mwenye mali mwenyewe.

Hitimisho

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mpangaji wa pili asiye na barua hana daftari. Kwa hiyo, kabla ya kusema "nimepangishwa", na amtafute mtenda wa kitenzi hicho, amwombe aandike.